Yai la kichocho mlilolichora si la Ziwa Albert

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya uliozungumzia kichocho katika mialo ya wavuvi ulikuwa na nia njema, ila ulibeba makosa matatu ambayo sisi tunaoshinda juu ya hadubini hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni mchoro wa yai lenye mwiba nchani. La pili, na ndilo zito, ni maelezo kwamba mtu akipimwa choo na mayai yasionekane, basi hana minyoo. Watu wa Butiaba, Ntoroko na Mayuge wakiliamini hilo, watarudi nyumbani na ugonjwa wao wakidhani wamepona. La tatu ni ahadi kwamba dawa ya mara moja inatosha.

Tuanze na mchoro. Yai lenye mwiba kwenye ncha ni la Schistosoma haematobium, yaani kichocho cha mkojo, ambacho hapa Uganda kinajulikana zaidi huko Lango, kaskazini mwa Ziwa Kyoga. Kinachowasumbua watu wa kando ya Ziwa Albert, Ziwa Victoria na Mto Nile ni Schistosoma mansoni, kichocho cha matumbo. Mwiba wa yai lake umetokeza ubavuni, jirani na upande ulio mpana, nao ni mkubwa na mkali. Urefu wa yai lenyewe ni kati ya mikromita 114 na 180, upana 45 hadi 70. Mikromita 1,000 ndizo milimita moja, kwa hiyo msomaji asijisumbue kulitafuta kwa macho. Yai la mnyoo wa safura, ambalo aghalabu hukaa kwenye slaidi (kioo cha hadubini) hiyohiyo, ni kama nusu ya hapo au chini yake: takriban 60 kwa 40, ganda jembamba, bila mwiba wowote.

Kuna jambo moja ambalo mwanafunzi wa maabara hulipata kwa taabu. Yai la mansoni likilala mwiba ukiwa umeelekea juu au chini, mwiba hauonekani kabisa, na mbele yako utaona duaradufu kubwa ya manjano isiyo na jina. Usiliandike kuwa ni uchafu, wala usilikisie. Bonyeza selofeni (karatasi angavu inayofunika kinyesi kwenye slaidi) polepole kwa ncha ya kijiti, yai libiringike, kisha tazama tena. Ukiwa na wasiwasi, panda kutoka lenzi ya 10 hadi ya 40.

Sasa hilo kosa la pili. Ili msomaji aone kwa nini slaidi isiyo na yai haimaanishi mwili usio na mnyoo, inabidi aujue mnyoo wenyewe ulivyoumbwa na mahali unapokaa.

Hauishi ndani ya utumbo. Unaishi ndani ya damu, kwenye vena zinazotoka utumboni kwenda ini. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuona chooni, na ndiyo maana dawa ya kawaida ya minyoo, ile albendazoli ya miligramu 400 wanayopewa watoto shuleni, haiugusi. Wazazi wengi humpa mtoto kidonge hicho wakaona wamemaliza kazi. Kwa safura wamefanya vema. Kwa kichocho hawajafanya kitu.

Dume lina urefu wa takriban sentimita moja na upana wa milimita moja. Mwili wake ni bapa, lakini kingo zake mbili zimejikunja kuelekea tumboni zikafanya mfereji, na ndani ya mfereji huo jike hukaa maisha yake yote, amekumbatiwa kama mayai ndani ya chapati ya rolex. Jike ni mrefu zaidi na mwembamba sana. Wote wawili wana vinyonyeo viwili: kimoja mdomoni, kingine nyuma yake kidogo upande wa tumbo, na hicho cha pili ndicho kinachoshika ukuta wa vena damu isiwasombe. Mgongo wa dume la mansoni umejaa vinundu vyenye miiba midogo. Korodani zake hupangana nyuma ya kinyonyeo cha tumbo, kwa kawaida 6 hadi 9; dume la haematobium lina 4 au 5 tu, na vinundu vyake ni vidogo zaidi. Jike asiyepata dume hudumaa na hatagi. Wakikutana kwenye vena ya ini ndipo anapokomaa, kisha dume humbeba kwenda vena za utumbo, wakipanda kinyume na mkondo wa damu.

Turudi kwa jike, maana hesabu yote inaanzia kwake. Ovari ya jike wa mansoni iko nusu ya mbele ya mwili, na kutoka hapo nyuma mwili wake karibu wote umejaa tezi zinazotengeneza seli za chakula na malighafi ya ganda. Kila yai hufungwa likiwa na seli moja ya uzazi pamoja na seli hizo za chakula zipatazo 30 hadi 40. Protini za ganda huungana na kukauka zikawa ngumu, ila hubaki na vitundu vidogo sana ambavyo hadubini yetu ya kawaida haivifikii. Kupitia vitundu hivyo yai hutoa kemikali zinazouchokoza mwili wa binadamu. Mfuko wa uzazi wa jike huyu ni mfupi, na mara nyingi utakuta yai moja tu ndani yake, wakati jike wa haematobium hubeba makumi kwa mpigo. Wa mansoni hutaga moja moja. Akitaga mayai 300 kwa siku, kiwango kinachokubalika kwa jike mwenye afya, ni sawa na yai moja kila baada ya dakika tano, usiku na mchana, kwa miaka.

Yai linapotagwa bado ni changa. Linahitaji takriban siku 6 ndani ya ukuta wa utumbo ili kiluwiluwi kikamilike, na wakati huo linasukumwa polepole kuelekea upande wa choo. Takriban nusu hufanikiwa kutoka. Yaliyobaki hunasa ukutani au husombwa na damu hadi kwenye ini, yakafia huko baada ya wiki mbili au tatu, na mwili huyazungushia uvimbe ambao mwishowe huwa kovu. Mnyoo wenyewe hauna shida kubwa na mwenyeji wake. Mayai yaliyopotea njia ndiyo yanayoua.

Haya, tupige hesabu. Chukua mtu mwenye jozi 10 za minyoo. Kwa siku hutagwa mayai 3,000, yakatoka 1,500. Choo chake kikiwa gramu 200, kila gramu itakuwa na mayai 7 au 8. Slaidi yetu ya Kato-Katz, yaani njia ya kutandaza kinyesi kilichopimwa chini ya selofeni, hubeba miligramu 41.7 tu, kwa hiyo wastani ni thuluthi moja ya yai kwa slaidi. Kwa maneno mengine, hata mayai yakitawanyika sawasawa, mtu huyo akipimwa kwa slaidi moja atatoka bila yai mara 7 kati ya 10. Slaidi mbili: mara 5 kati ya 10. Slaidi mbili kwa siku tatu tofauti, jumla sita: bado mara 1 au 2 kati ya 10. Na mayai hayatawanyiki sawasawa. Hujikusanya, leo yapo kesho hayapo, upande mmoja wa kinyesi umejaa na mwingine mtupu.

Angalieni pia kwamba yai moja kwenye slaidi huzidishwa mara 24 ili kupata idadi kwa gramu. Maana yake slaidi moja haiwezi kutoa jibu lolote kati ya sifuri na 24. Mtu wetu mwenye mayai 7 kwa gramu ataandikwa ama 0 ama 24 au zaidi, hakuna katikati. Vivyo hivyo kwenye madaraja ya Shirika la Afya Duniani: 1 hadi 99 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya wastani, 400 na kuendelea mazito. Mayai manne kwenye slaidi yanakupa 96. Matano yanakupa 120. Yai moja limekuhamisha daraja.

Kuhusu utengenezaji wa slaidi, tungependa ukurasa wenu uchapishe utaratibu kamili siku moja, kwa sababu vituo vidogo vingi vya afya hujifunza kwa kutazamana. Vipande vya selofeni vilowekwe angalau saa 24 kabla, kwenye mchanganyiko wa mililita 100 za gliserini, mililita 100 za maji na mililita 1 ya rangi ya kijani ya malakaiti ya asilimia 3. Kinyesi kiwe kibichi, kisichotiwa fomalini. Tandika karatasi ya taka mezani (gazeti kuukuu linafaa, hata hili, mtuwie radhi), weka kinyesi kidogo juu yake, kandamiza chekecheo juu, na ukwangue kilichopenya kwa kijiko bapa. Weka kipimio cha plastiki katikati ya slaidi, jaza tundu lake hadi likae sawa na uso wa plastiki, kisha nyanyua kipimio taratibu ili kinyesi chote kibaki kwenye kioo. Funika kwa selofeni, geuza slaidi, kandamiza juu ya kigae au kioo kingine mpaka kinyesi kitandazike mduara mmoja sawasawa. Usiivute slaidi kwenda juu. Itelezeshe pembeni, la sivyo selofeni itabanduka. Ukiiweka juu ya gazeti na ukaweza kusoma herufi kupitia kwake, unene ni sahihi.

Makosa tunayoyaona kila mara ni haya. Tundu halikujazwa vizuri, pakabaki hewa, na hesabu yote ikashuka. Selofeni imelowekwa asubuhi ileile, kinyesi hakikung'aa, msomaji akatazama giza. Chekecheo na kipimio havikuoshwa kwa brashi na sabuni, mayai ya mgonjwa wa kwanza yakaingia kwenye slaidi ya pili. Slaidi imeachwa juani hadi ikapasuka vipovu. Kubwa zaidi ni muda. Gliserini huyafanya mayai ya safura yatoweke ndani ya nusu saa hadi saa moja, kwa hiyo anayetafuta safura lazima asome mapema. Ganda la mansoni ni gumu, halina haraka: slaidi ikikaa saa kadhaa au hadi kesho yake huwa safi zaidi na mwiba huonekana vizuri. Anayesoma mara moja tu baada ya dakika 30 na kuipanga slaidi kando amewahi safura na ameikosa nafasi nzuri ya kuona kichocho.

Pia kagueni kipimio chenu kimetoka seti gani. Vipo vya miligramu 50, ambavyo huzidishwa mara 20, na vya miligramu 20, mara 50. Tumeona vya aina mbili vikichanganyika kwenye droo moja huku kila mtu akizidisha kwa 24.

Kinyesi cha kuharisha hakifai kwa njia hii, hupenya chekecheo kama maji na hakijazi tundu. Na Kato-Katz haiwezi kukuambia kama yai liko hai, kwa sababu gliserini imeshaliua. Ukitaka kujua hilo, changanya kinyesi kibichi na tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.85, funika, tazama kwa lenzi ya 40. Ndani ya yai hai utaona kiluwiluwi kikijipinda, na seli zake ndogo za kutolea taka zikiwa na vinyweleo vinavyopepea bila kukoma. Likiwa jeusi na limetulia, limekufa. Tofauti hii ina maana baada ya matibabu: mayai yaliyonasa ukutani huendelea kutoka kwa wiki kadhaa hata kama minyoo yote imekufa, na mgonjwa akipimwa mapema mno ataambiwa dawa imeshindwa.

Kuna kundi jingine ambalo slaidi huwadanganya vibaya zaidi, nao ni wagonjwa wa muda mrefu. Mtu wa mwaloni aliyevimba bandama, anayetapika damu, mara nyingi choo chake hakina yai hata moja. Minyoo yake imezeeka au imekufa, lakini kovu alilozungumzia daktari Symmers mwaka 1904 tayari limezibana vena za ini, na damu imetafuta njia nyingine kupitia mishipa ya koo la chakula, ambayo hupasuka. Huyu haponi kwa kusubiri jibu la choo. Anahitaji kupigwa picha ya mawimbi ya sauti na kupelekwa hospitali yenye uwezo wa kutazama koo kwa kamera, mapema iwezekanavyo.

Ndiyo maana tunasisitiza kipimo cha mkojo cha CCA kitumike pamoja na slaidi pale kinapopatikana. Nacho kinategemea umbo la mnyoo. Utumbo wa kichocho una mlango mmoja tu. Hugawanyika mara mbili baada ya koo, matawi yakaungana tena (kwa mansoni huungana mapema, nusu ya mbele ya mwili), kisha mrija ukaishia gizani bila tundu la kutokea. Mnyoo hula damu, na mabaki, ile rangi nyeusi inayoonekana ndani ya jike, lazima uyatapike kupitia mdomo uleule, ndani ya damu ya mwenyeji. Pamoja na matapishi hayo hutoka sukari za ukuta wa utumbo wake, figo huzichuja, zikafika kwenye mkojo. Kasha la CCA hunasa hizo. Hivyo hata kama hakuna yai lililopenya ukuta leo, mnyoo uliokula jana umeacha alama.

Kasha hilo lisomwe baada ya dakika 20. Likipita dakika 25 litupwe, kwa sababu mstari hafifu huweza kujitokeza wenyewe na ukamhukumu asiye na ugonjwa. Mstari hafifu ndani ya muda wake nao una utata, na mkojo wenye damu nyingi unaweza kuudanganya. Tena kipimo hiki kinafaa kwa mansoni. Kwa kichocho cha mkojo, Lango kwa mfano, hakitoshi, huko chujeni mililita 10 za mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Wale wanaouliza kuhusu kipimo cha kingamwili za damu tunawajibu kwamba kingamwili hubaki miaka mingi baada ya minyoo kufa, kwa hiyo kwa mtu aliyezaliwa kando ya ziwa jibu lake halina msaada.

Jambo la mwisho ni ngozi ya mnyoo, kwa kuwa makala yenu iliahidi kwamba dawa ya mara moja inatosha. Ngozi hiyo haikujengwa kwa seli zilizotengana. Ni tabaka moja hai lisilo na mipaka ya seli, unene wake mikromita chache, na viini vyake viko chini zaidi, vimeunganishwa nalo kwa mirija myembamba. Juu kabisa kuna utando wa mafuta wenye matabaka maradufu, unaofanywa upya kila wakati na kupakwa molekuli za damu ya mwenyeji, hata kinga ya mwili isiutambue. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huifanya misuli ya mnyoo ikakamae kwa kumiminiwa kalisiamu na huchana tabaka hilo, ndipo kinga inapouona na kumalizia kazi. Lakini hayo hutokea kwa mnyoo uliokomaa. Mnyoo ulioingia mwilini kati ya wiki ya 2 na ya 5 iliyopita huvumilia dawa, na dawa yenyewe haikai mwilini zaidi ya saa chache. Mvuvi anayeingia majini kila siku daima ana minyoo ya umri huo. Ameze leo, ile mikubwa itakufa. Ile michanga itaanza kutaga mwezi ujao.

Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600, kwa wakati mmoja, baada ya kula. Chakula hupunguza kichefuchefu na huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu. Anayegawanya vidonge kwa siku nne kwa sababu ni vichungu amevitupa. Kwa aliyepatwa na maambukizi mapya, dozi irudiwe baada ya wiki 4 hadi 6. Mwenye historia ya kifafa, hasa kutoka sehemu zenye nguruwe wengi, aseme kabla ya kumeza, kwa sababu kama ana viluwiluwi vya tegu kwenye ubongo dawa hii inaweza kuvichokoza.

Tunaomba mambo mawili, Mhariri. Mchoro urudiwe, mwiba ukiwa ubavuni. Na kwa wenzetu wa maabara wanaosoma gazeti hili: kwenye karatasi ya majibu msiandike "hana kichocho". Andikeni "mayai hayakuonekana, slaidi 1, mg 41.7", au idadi yoyote ya slaidi mlizosoma, pamoja na tarehe aliyomeza dawa mara ya mwisho. Daktari atakayeipokea karatasi hiyo atajua kama aombe sampuli nyingine.

Wenu,
Mafundi wa maabara,
Hoima